Miradi midogo ya umeme Tanzania: mkataba mzuri, mtihani uko kwenye laini

Kinachopimwa hapa ni huduma ambayo Tanzania inampa mwekezaji wa nishati jadidifu mwenye mradi wa kilowati 100 hadi megawati 10: kanuni za EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), mkataba sanifu wa kuliuzia umeme shirika la umeme la taifa, TANESCO, utaratibu wa bei, na ruzuku zinazopitia REA (Wakala wa Nishati Vijijini). Kifurushi hiki kilianza mwaka 2008, mwaka ilipotungwa Sheria ya Umeme, kikafanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2015, na kanuni zake zimeendelea kurekebishwa tangu hapo. Swali la mwekezaji ni moja: nikiweka fedha yangu kwenye mto au kwenye makapi ya miwa, karatasi hizi zitanilinda?

Upande wa karatasi, zinalinda vizuri. Upande wa nguzo na nyaya, hazitoshi, na huko ndiko miradi mizuri inakoumia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu laini ya kilovolti 33, yaani laini ya vijijini ambayo mtambo wako unaunganishwa nayo, kitu ambacho vipeperushi vya uwekezaji hukitaja kwa mstari mmoja.

Tuanze na uzuri wake. Mkataba sanifu una faida ambayo mtu aliyewahi kujadiliana mkataba wa umeme kipengele kwa kipengele ataitambua mara moja: hujadiliani. Maandishi ni yale yale kwa mtambo wa Mbinga na wa Mufindi, na bei imetangazwa na mdhibiti. Mradi wa megawati moja hauwezi kubeba gharama za mawakili za mradi wa megawati mia, kwa hiyo bila mkataba wa namna hii usingeanza kabisa. Mtambo ulio chini ya megawati moja hauhitaji leseni ya kufua umeme; unasajiliwa EWURA. Kuanzia megawati moja kwenda juu leseni inahitajika, na maombi hupitia mfumo wa mtandaoni wa LOIS. Miradi midogo sana, chini ya kilowati 100, ina masharti mepesi zaidi.

Toleo la kwanza la bei, la 2008, lilikuwa na kasoro ya msingi. Bei ilikokotolewa kwa gharama ambazo TANESCO ingeziepuka kwa kununua umeme wako, ikatofautishwa kwa msimu: Agosti hadi Novemba, mabwawa yanapopungua, uniti ililipwa zaidi kuliko miezi mingine. Kulikuwa na sakafu, yaani bei ya mwaka uliosaini mkataba, na dari ya asilimia 150 ya sakafu hiyo ikirekebishwa kwa mfumuko wa bei. Hesabu hiyo haikuuliza mtambo wako umegharimu kiasi gani. Waliofaidika mapema walikuwa wale ambao tayari walikuwa na bwaila na mafuta ya bure: kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi, kinachochoma makapi ya miwa, na TANWAT ya Njombe yenye mashamba ya miti ya miwati. Wao waliuza ziada. Aliyetaka kuchimba mfereji na kutandika bomba mlimani kwa mkopo wa benki alikuta bei haimfikishi.

Marekebisho ya 2015 yaliponya hilo kwa umeme wa maji na wa mabaki ya mimea: bei ikawekwa kwa teknolojia na kwa ukubwa, mtambo mdogo ukalipwa zaidi kwa kila uniti, na bei ikashuka kadiri megawati zinavyoongezeka. Jua na upepo vilitolewa kwenye orodha hiyo na kupelekwa kwenye zabuni za ushindani. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu bei za paneli zilikuwa zinaporomoka haraka kuliko mdhibiti anavyoweza kuandika jedwali. Matokeo yake kwa mwekezaji wa jua, hata hivyo, ni kwamba hawezi kubisha hodi siku anayotaka. Anasubiri zabuni itangazwe.

Mpangilio wa vibali ndipo wengi wanapopoteza mwaka mzima, kwa sababu wanaanza na mahali pasipo pa kuanzia. Anza na maji. Maombi ya kibali cha kutumia maji yanakwenda kwenye Bodi ya Maji ya Bonde husika (mabonde yako tisa) chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na bodi itataka kujua nani analima juu ya banio lako (mahali unapochepushia maji ya mto) na nani anakunywa chini yake. Usipeleke takwimu za mvua peke yake. Weka vipimo vya mtiririko mtoni wenyewe na uvisome walau kiangazi kimoja kizima, halafu ulinganishe na kumbukumbu ndefu za kituo cha jirani. Kosa la kawaida la upembuzi yakinifu ni kupima mto mwezi Aprili na kuuandikia mto huo huo mapato ya Oktoba. Kuna pia maji ya mto wenyewe, yasiyoruhusiwa kuguswa ili viumbe na watu wa chini waishi. Yatoe kwenye hesabu kabla ya kuchagua mtambo.

Ardhi inafuata, na haiendi haraka. Maporomoko mengi yapo kwenye ardhi ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, eneo lisilozidi hekta 250 linaamuliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Likizidi hapo uamuzi unakwenda kwa waziri. Mtambo wa megawati moja unaotegemea mtiririko wa mto, bila bwawa kubwa, unahitaji hekta chache tu, kwa hiyo mkutano mkuu ndio baraza lako. Hapo kuna mtego: banio linaweza kuwa kijiji kimoja, nyumba ya mitambo kijiji kingine, na laini ikapita cha tatu. Hiyo ni mikutano mitatu, mihtasari mitatu, na fidia za mazao za aina tatu. Mwekezaji wa kigeni hamiliki ardhi. Anapata haki ya kuitumia kwa uwekezaji kupitia mamlaka ya uwekezaji, ambayo tangu 2025 ni TISEZA, baada ya Rais kuridhia ardhi ya kijiji ihamishwe kuwa ardhi ya jumla. Mwenye haraka huingia ubia na mwananchi au na kijiji chenyewe, na ubia wa namna hiyo huwa na faida nyingine: watu hawakati miti juu ya banio lao.

Baada ya maji na ardhi, omba barua ya kusudio TANESCO, inayokuhakikishia kwamba mwingine hatapewa nafasi yako kwenye laini hiyo wakati unaandaa mradi. Ndipo ufanye tathmini ya athari kwa mazingira inayosimamiwa na NEMC (baraza la taifa la mazingira) na upembuzi yakinifu kamili, kisha usaini mkataba, uchukue leseni kama inahitajika, ufunge mkopo. Aliyelipia tathmini ya mazingira kabla ya kujua laini inapokea megawati ngapi amelipia waraka ambao huenda akaurudia.

Sasa tuchukue mfano wa namba. Mto unatoa mita za ujazo 1.2 kwa sekunde, mteremko ni mita 120, ufanisi wa bomba, mtambo, jenereta na transfoma kwa pamoja ni asilimia 80. Zidisha 9.81 kwa 1.2 kwa 120 kwa 0.8: unapata takribani kilowati 1,130. Kama kwa mwaka mzima mtambo unafanya wastani wa asilimia 55 ya uwezo wake, mita itasoma karibu uniti milioni 5.4. Benki itapenda namba hiyo. Usiikabidhi benki kabla ya kuipitisha kwenye laini.

Mkataba huu unalipa uniti zilizopita mita. Hakuna malipo ya kuwa tayari kufua. Laini ikikatika, maji yanapita pembeni na mapato yanakwenda nayo. Laini ya kilovolti 33 ya vijijini ina makumi ya kilomita ya nguzo za miti, inapita msituni na mlimani, na matawi ya vijiji yameunganishwa njiani kila mahali. Radi hupasua vikombe vinavyoshikilia nyaya, miti huanguka, nyoka na ndege hugusa nyaya, fyuzi ya kijiji kimoja ikishindwa kukata, laini nzima inazimika. Sasa tuseme laini hiyo inakatika asilimia 8 ya saa za mwaka, yaani kama saa 700. Mchambuzi wa ofisini atakata asilimia 8 ya uniti na kuendelea. Amekosea, kwa sababu radi na miti inayoanguka ni mambo ya masika, na masika ndipo mto umejaa na mtambo unafua kwa uwezo wote. Saa 700 za kilowati 1,130 ni karibu uniti 790,000, ambazo ni zaidi ya asilimia 14 ya mauzo ya mwaka. Tofauti kati ya 8 na 14 inatosha kuugeuza mkopo unaolipika kuwa mkopo unaodaiwa.

Dawa ya kwanza ni kuomba daftari la matukio la kituo cha kupoza umeme kinacholisha laini hiyo, la miezi 24 iliyopita, lenye saa ya kukatika na saa ya kurudi. Lisome mwezi kwa mwezi, uliweke juu ya mchoro wa mtiririko wa mto. Kazi hii ni ya siku chache na haina gharama kubwa, lakini haipo kwenye upembuzi mwingi. Dawa ya pili ni kuangalia upya ukubwa. Katika mfano wetu, kushusha mtambo hadi kilowati 990 kunakuondoa kwenye leseni na kunapoteza uniti za siku za maji mengi tu, ambazo ndizo hupotea zaidi laini inapokatika. Mara nyingi hesabu hiyo inaelekeza kwenye mtambo mdogo.

Kuna shida ya pili isiyoonekana kwenye daftari: volteji. Mwisho wa laini ndefu, usiku wa manane vijiji vimelala, umeme wako hauna pa kwenda karibu, na volteji ya eneo hilo inapanda. Relei ya volteji ya juu, yaani kifaa cha ulinzi, inakutoa kwenye laini. Unarudi, inakutoa tena. Fundi akiona hivyo hushawishika kuilegeza relei, na hapo vifaa vya wateja ndivyo vinavyoungua. Suluhisho sahihi ni jenereta ya aina ya sinkronasi yenye kidhibiti cha volteji kinachoweza kunyonya nguvu isiyo ya kazi ("reactive power") kutoka kwenye laini, transfoma yenye ngazi za kubadilisha volteji, na uchambuzi wa mtiririko wa umeme uliofanywa kwa hali mbili: mzigo mkubwa wa jioni na mzigo mdogo wa usiku. Ripoti yenye hali moja irudishe kwa aliyeiandika.

Rikloza za TANESCO nazo zizungumzwe mapema. Kifaa hiki hukata laini ikipata hitilafu kisha huirudisha chenyewe baada ya muda mfupi. Kabla mtambo wako haujawepo, hilo lilikuwa jambo jema. Ukiwepo, laini inaweza kurudishwa wakati jenereta yako bado inazunguka nje ya mpangilio wa masafa ya gridi, na mshtuko huo huweza kuvunja kiungo cha shafti au kupasua nyaya za ndani za jenereta. Sharti lako liwe rikloza isirudi kama upande wako bado una umeme, na relei zako zikutoe haraka kuliko inavyorudi. Liandikwe kwenye mpango wa ulinzi, liwe na saini za pande zote mbili, na lijaribiwe siku ya kuwasha mtambo.

Kila laini inapokatika ghafla, mtambo unabaki bila mzigo na kasi inapanda. Kufunga maji kwa ghafla ni kulipiga bomba kwa nyundo ya maji yake lenyewe. Kwa hiyo mtambo wa maji wa aina ya Pelton uwe na bamba la kukengeusha maji mara moja huku vali ikijifunga polepole, na mitambo ya aina nyingine ivumilie kasi ya kukimbia huru kwa muda wote vali inapofungwa. Laini inayokatika mara mia kwa mwaka inaifanya hii kuwa kazi ya kila wiki, kwa hiyo beringi na mafuta ya haidroliki vina matumizi tofauti na yaliyoandikwa na kiwanda. Ongeza kwenye orodha jenereta ndogo ya dizeli ya kulisha nyumba ya mitambo, maana bila umeme wa betri na pampu huwezi kurudi kazini hata laini ikirudi. Mchanga nao: tangi la kutuamisha likijengwa dogo ili kuokoa saruji, meno ya mtambo yatalika kwa misimu michache.

Kuna njia ya kupunguza utegemezi huu, nayo ndiyo sehemu bora zaidi ya kifurushi: kanuni zinaruhusu mtu huyo huyo kuiuzia TANESCO na kuwauzia wateja wake. Mwenga, mradi wa megawati 4 uliopo Mufindi tangu 2012, unaonyesha muundo huo: kiwanda cha chai, vijiji na gridi. Baadaye ukaongezewa mitambo ya upepo ya megawati 2.4. Mradi wenye mzigo wake wa karibu unaweza kusanifiwa uendelee kuwasha mtandao wake gridi inapozima, ilimradi swichi, relei na vidhibiti vya kasi vimenunuliwa kwa nia hiyo tangu mwanzo. Kuviongeza baadaye ni ghali.

Kwa mitandao midogo isiyoguswa na gridi, tathmini yetu si nzuri kama hiyo. Ruzuku zilisaidia: chini ya TEDAP, mradi wa nishati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, kwa mfano, ililipwa dola 500 kwa kila mteja aliyeunganishwa, baada ya kuunganishwa, na huo ni utaratibu wenye akili kwa sababu unalipa matokeo. Kanuni pia zilieleza gridi ikifika nini kitatokea: unaweza kubaki mfuaji unayeiuzia TANESCO, ukawa msambazaji unayenunua kwa jumla na kuuza rejareja, ukawa vyote viwili, ukauza mtandao wa usambazaji kwa fidia, au ukahamisha mitambo. Nchi nyingi hazijaandika hata sentensi moja juu ya jambo hilo. Ukitaka fidia iwe na maana, jenga nguzo na nyaya kwa viwango vya TANESCO tangu nguzo ya kwanza, ingawa zile nyembamba ni rahisi zaidi.

Kisha ikaja bei. Kanuni ziliwaachia waendeshaji wadogo sana kupanga bei inayofidia gharama, na EWURA iingilie endapo asilimia 15 ya wateja watalalamika. Mwaka 2020 serikali iliagiza waendeshaji binafsi washuke hadi Sh100 kwa uniti, sawa na mteja mdogo wa TANESCO. Kilio cha wananchi kilikuwa cha haki kabisa; mtu wa kisiwani halipi mara nyingi zaidi ya mtu wa mjini kwa sababu ni tajiri zaidi. Lakini TANESCO inafidia wateja wadogo kwa mapato ya wateja wakubwa, na mwendeshaji wa kisiwa kimoja hana wateja wakubwa. Bei ikishushwa bila ruzuku ya kujaza pengo, betri zinazochakaa hazibadilishwi. Kwa hiyo mwekezaji wa mtandao mdogo asiingie bila mkataba wa ruzuku ya uendeshaji au mteja wa biashara wa kudumu: barafu ya samaki, mashine ya kukoboa, mnara wa simu.

Soko lenyewe limebadilika. Bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115, limeipa gridi umeme mwingi wa bei nafuu, na hoja ya kwamba TANESCO inahitaji kila uniti haina nguvu tena. Hoja iliyobaki ni ya mahali. Machi 2025 serikali ilitangaza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, sababu kubwa ikiwa upotevu wa umeme unaosafirishwa kutoka mbali. Mtambo mdogo mwishoni mwa laini ndefu unapunguza upotevu huo na kuinua volteji ya jioni, lakini jedwali la 2015 lililipa kwa teknolojia na ukubwa, si kwa mahali. Hilo ndilo rekebisho tungelidai kuliko yote: malipo ya ziada kwa mtambo uliojengwa mahali laini ni dhaifu, yatolewe kwenye akiba ya upotevu uliopungua. Na tahadhari ya upande wa pili: gridi inatembea. Tulila, mtambo wa megawati 5 wa masista Wabenediktini wa Chipole, ulianza 2015 Songea ikiwa bado inategemea dizeli. Laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipofika 2018, Songea ikaacha kuwa mtandao wa pekee. Mradi wowote unaokokotolewa kwa bei ya kushindana na dizeli usome kwanza ramani ya laini zinazokuja.

Malipo ni jambo la kujipangia. Ucheleweshaji wa TANESCO kulipa wafuaji ni malalamiko ya miaka mingi katika sekta hii, kwa hiyo weka mtaji wa kuendeshea shughuli kwa walau miezi sita na uiombe benki akaunti ya akiba ya marejesho. Kama mkopo ni wa dola, kipengele cha sarafu kisomwe na mwanasheria upya, kwa kuwa kanuni za Machi 2025 zilizuia bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni. Misamaha ya kodi kwa vifaa nayo hubadilika na Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Thibitisha kila kifaa kwa namba yake ya forodha kabla ya meli kuondoka.

Kwa mwenye mto wenye maji ya kiangazi na kiwanda jirani, huduma hii tunaipendekeza bila kusita. Mwenye makapi au mabaki ya mbao yake mwenyewe pia. Asiyemiliki malighafi asisaini mpaka awe na mkataba wa muda mrefu wa kuipata, kwani bei ya pumba hupanda siku ile watu wanapojua kuna mnunuzi. Mwenye paa kubwa la kiwanda ajaribu kanuni za 2018 za kubadilishana umeme na gridi, zenye kikomo cha megawati moja, akipima mfumo kwa matumizi yake ya mchana na si kwa ukubwa wa paa. Anayetaka shamba la paneli la kuiuzia gridi asubiri tangazo la zabuni, na kwa sasa alipe tu ada ya kuishikilia ardhi, akichagua ile iliyo kilomita chache kutoka kituo cha kupoza umeme chenye transfoma isiyolemewa.